Mzigo wa jikoni ukija saa isiyo yake

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, lile baridi la Mbeya la kuvaa sweta mbili. Niliagiza vitu vya wiki kwenye duka moja la Mwanjelwa: kuku wawili waliogandishwa, maziwa lita tatu, trei ya mayai, sembe kilo tano, sukari, mafuta ya alizeti. Duka lina fomu yake kwenye simu, unachagua muda wa kuletewa. Nikachagua 10:00 hadi 12:00, nikakaa kusubiri. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Saa saba na nusu nikavaa sare nikaenda zamu ya mchana. Mimi ni muuguzi, na wodi haisubiri kuku.

Nikarudi saa tatu usiku. Mfuko uko kibarazani, paka wa jirani ameshaupasua ubavu, na mama yangu, aliyetoka jumuiya akaingilia mlango wa nyuma, amelala hana habari. Asubuhi nikampigia kijana wa boda nikiwa nimeshapanga maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, si uliandika kumi mpaka kumi na mbili? Mimi nimefika kumi na nusu. Nimewahi kabisa."

Nikakosa la kusema. Alikuwa na haki yake.

Nimeendelea kuagiza kwa sababu mama magoti yanamsumbua na zamu zangu hazifanani wiki kwa wiki. Mlima wa kwetu Isanga na ndoo ya mafuta mkononi ni adhabu. Katika kuagiza huko nimeletewa alfajiri, nimeletewa usiku, nimeletewa siku ya pili yake, na mara moja nimeletewa kazini. Haya ndiyo ninayofanya sasa.

Saa iandike kwa maneno

Simu ina saa yake na sisi tuna yetu. Kwenye kioo 10:00 ni saa nne asubuhi. Mdomoni kumi ni jioni, watoto wameshatoka shule. Tofauti ni saa sita daima. Kwa hiyo mzigo ukikosea kwa saa sita kamili usimtafute mbaya wako, itafute ile namba.

Hata kama fomu umeijaza, tuma ujumbe pembeni: "Jumamosi, saa nne asubuhi, siyo saa kumi jioni. Naomba unijibu kwa kuandika saa mwenyewe." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo kazi yote. Akijibu "poa" au "sawa dada", hujajibiwa. "Sawa" ya boda maana yake ameona kwamba kuna ujumbe. Akiandika "saa nne asbh" hapo mmeelewana.

Na neno "kesho" liache kabisa, hasa kama unafanya kazi usiku kama mimi. Niliwahi kuandika saa saba usiku, "nileteeni kesho asubuhi." Kwangu kesho ilikuwa ni kukipambazuka. Mwenye duka aliamka, akasoma saa mbili, na kesho yake ikawa keshokutwa yangu. Tulikula ugali na mnafu usio na nyanya wala kitunguu. Andika jina la siku.

Jambo jingine: usiulize "utafika saa ngapi?" Uliza "unatoka dukani saa ngapi?" La kwanza anajibu kwa matumaini, la pili anajibu kwa kuangalia kazi aliyonayo. Na jibu la pili utalihitaji baadaye, kwenye nyama.

Kama unapewa nafasi ya kuchagua, chukua tripu ya kwanza. Kijana mmoja anabeba mizigo minne au mitano kwa mkupuo. Nyumba ya kwanza wanatafuta chenji, ya pili mwenye nyumba yuko bafuni, ya tatu mbwa hajafungwa. Wewe wa tano unayalipa yote hayo. Ongeza barabara yetu kuu, ile ile inayobeba malori ya Zambia na Kongo kwenda Tunduma, na ujenzi wa njia nne kuanzia Uyole kuelekea Ifisi. Boda anapenya, ndiyo, lakini kirikuu chenye friza hakipenyi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua zetu mara nyingi hushuka mchana, na njia za milimani zinageuka utelezi, kwa hiyo asubuhi ni bora mara mbili. Jumapili asubuhi usiagize. Nusu ya Mbeya iko kanisani, na nusu iliyobaki inapika.

Akukute ulipo, asikukute ulikokuwa

Tulibandikiwa vibao vya namba za nyumba mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi kabla ya sensa. Mpe namba hiyo, haina ubaya, lakini ujue atakuuliza bado: "Ni karibu na nini?" Usimwambie karibu na kanisa. Mbeya hii kanisa si alama, ni kama kusema karibu na mti. Taja kitu kimoja kisichofanana na kingine, kisha mkono: "Ukipita mashine ya kusaga yenye bati la bluu, kushoto, geti la tatu, lina tairi jeupe."

Lokesheni ya WhatsApp inasaidia kuliko maelezo yote, ila itume ukiwa umesimama getini kwako. Mimi niliituma nikiwa kazini, kwa haraka, katikati ya kugawa dawa. Saa tano mlinzi ananiita: kuna mtu getini na mzigo wako. Nikatoka nikakuta boda amebeba nyanya, vitunguu, mkungu mzima wa ndizi za Tukuyu, na ndugu wa wagonjwa wamemzunguka wanauliza bei. Lokesheni ya nyumbani sasa nimeihifadhi kwenye mazungumzo yangu mwenyewe, naisambaza kutoka hapo.

Anayewahi

Watu wanamlaumu anayechelewa. Mimi namwogopa anayewahi. Aliyechelewa angalau anakukuta umerudi, au unajua la kufanya kwa sababu umekuwa ukiuangalia mlango. Anayewahi anafika hujarudi na hujajiandaa, ana mizigo mingine mgongoni, na anataka sana kuuacha wako mahali popote penye kivuli. Kivuli hicho saa moja baadaye ni jua.

Kwa hiyo kabla hajatoka dukani, awe anajua vitu viwili: nani apokee usipokuwepo, na kipi kisiachwe kamwe.

Wa kupokea wangu ni mama, mwenye kitochi. Namba yake iko kwenye agizo chini ya yangu, na mama naye ana namba ya duka, imeandikwa kwa kalamu ya wino mnene ukutani, kwa sababu kwenye kitochi haioni. Mama asipokuwepo, ni jirani wa upande wa mparachichi. Jirani huyo nimemwomba kabisa, uso kwa uso, kabla ya haja. Usimfanye mtu ghala lako kwa kumpigia simu boda akiwa tayari mlangoni pake. Na akikupokelea, siku nyingine mpelekee hata mafungu mawili ya chainizi.

Kuhusu kuachwa: unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta na mchele vinaweza kukaa kwa jirani au kwenye genge la jirani hata siku nzima. Nyama, samaki, maziwa na chochote kilichogandishwa havipokelewi na geti. Vipokelewe na mtu mwenye mikono na jokofu, ama virudi dukani. Nimeliandika hilo kwenye kila agizo, neno kwa neno, mpaka mwenye duka akanitania kwamba anaiota ile sentensi.

Nina pia ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, iko nyuma ya nyumba upande usiopata jua. Ni ya vitu vikavu tu. Wajuaji wangeniambia nitafute boksi la kisasa lenye kufuli, lakini ndoo inatosha, na paka haifungui.

Anayechelewa

Ukimpigia aliyechelewa na kumuuliza "uko wapi?", jibu unalijua: niko njiani, nakaribia, nipo hapo chini. Hadanganyi kwa ubaya, anakupoza. Muulize hivi: "Unaona nini mbele yako sasa hivi?" Akisema anaona taa za Kabwe, unajua umebakiza muda gani. Akisita, bado yuko dukani.

Baada ya hapo usibishane, kata shauri. Mimi huweka mwisho wangu mapema na kuutuma kwa maandishi: "Saa saba kamili natoka. Baada ya hapo vikavu apokee mama, nyama na maziwa virudi dukani, tutapanga siku nyingine." Tuma kwa kijana na kwa mwenye duka, wote wawili. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu maneno ya simu kesho kila mtu anayakumbuka kivyake.

Usiku ni habari nyingine. Baada ya saa mbili usiku mimi simfungulii mtu geti kwa ajili ya nyanya, na duka linajua. Mama hakubaliani nami. Kijana mmoja alifika saa tatu kasoro, amelowa, pikipiki ilimzimikia njiani, na mama akamfungulia, akamkalisha jikoni, akampa chai ya tangawizi na kiporo cha viazi. "Mtoto wa mwenzio huyu," akaniambia niliponuna. Sikumbishia. Lakini sheria ya geti bado ipo.

Mfuko ukishaingia ndani

Hapa ndipo uuguzi wangu unapoingilia, mnisamehe nikirefusha.

Usianze kuhesabu pesa wala kupanga sukari kabatini. Anza na vya baridi. Bakteria wanazaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa tunaambiwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na mimi saa mbili hizo hizo nazitumia kwa nyama mbichi na maziwa. Sasa watu wanahesabu kuanzia boda alipopiga hodi. Hapana. Hesabu tangu kuku alipotoka kwenye friza ya duka. Ndiyo maana nilikuambia uulize anatoka saa ngapi. Ametoka saa tatu na nusu, amefika saa sita: saa zako mbili zimeisha akiwa barabarani.

Kuku wa kugandishwa mbonyeze kifuani na pajani, penye nyama nene. Akiwa bado mgumu katikati au ana chembe za barafu, mrudishe kwenye friza bila wasiwasi. Amelainika lakini bado ni wa baridi kama aliyetoka jokofuni, mpike leo hii na usimgandishe tena mbichi. Amekuwa vuguvugu, arudi na boda aliyemleta, hata kama hanuki. Wale wawili wa mwezi wa saba waliokaa kibarazani hawakuwa wameharibika kwa kugusa, baridi lilikuwa limeshuka hadi karibu nyuzi kumi, lakini paka alikuwa ameshaonja mmoja, na saa nilizihesabu zikapita. Nikawatupa. Mama hakunisemesha mpaka Jumapili.

Mama anaamini limao na chumvi vinarekebisha nyama. Vinarekebisha harufu. Baadhi ya bakteria wakishaacha sumu yao ndani ya chakula, hata ukichemsha mpaka sufuria iungue sumu hiyo haitoki. Kwa hiyo nyama iliyochelewa mno haina dawa ya jikoni.

Maziwa mabichi yana kipimo chake cha zamani: chota kikombe, chemsha peke yake kwanza. Yakikatika, usiyachanganye na mengine. Yasipokatika, chemsha yote saa hiyo hiyo. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo usizime mara povu linapopanda. Yaache yachemke dakika chache ukiyakoroga. Na tafadhali, maziwa yaliyochacha kwa kuzungushwa na boda mchana kutwa si mgando. Mgando unatengenezwa kwa kukusudia, kwenye chombo safi. Hili nimeligombania na mama kuliko yote.

Samaki wa kutoka Kyela mfungue mashavu uangalie matamvua kama ni mekundu, mbonyeze uone kama shimo linarudi. Macho yaliyozama, mrudishe.

Vingine vina uvumilivu. Mayai ya siku moja barabarani hayana neno, angalia nyufa tu. Chainizi na mnafu vilivyonyauka vinyunyizie maji, vitandaze kwenye ungo kivulini. Viazi vikikaa juani vinageuka kijani na kuwa vichungu, na ile sehemu ya kijani ikatwe, au kiazi kizima kitupwe kikiwa kijani kote.

Angalia pia nani kalala na nani. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 tunaletewa vitu kwenye mifuko mbadala, ambayo ni mizuri ila haizuii maji. Kuku akichelewa anayeyuka, na maji yake yanatafuta mkate na sukari. Mkate uliolowa maji ya kuku mbichi usiukaushe juani. Siku hizi naagiza vya baridi vije kwenye ndoo au mfuko wao peke yake.

Kabla kijana hajaondoka piga picha mbili: mfuko ulivyo, na kile kilichoharibika kikiwa kimefunguliwa. Simu inahifadhi saa ya picha yenyewe, huhitaji shahidi.

Pesa na lawama

Lipa baada ya kufungua mfuko, na ulipe kwenye lipa namba ya duka, si kwenye namba ya kijana. Akikuambia "nitumie mimi na ya kutolea," mwambie kwa upole kwamba ya usafiri utampa mkononi, ya bidhaa inaenda dukani. Wengine hawana nia mbaya, ila pesa ikishapita kwake duka halina kumbukumbu yako.

Nani alipie boda wa kurudisha mzigo? Kipimo changu ni hiki: aliyevunja muda ndiye anayelipa. Duka likichelewa, linabeba. Mimi nikisema saa nne nitakuwepo halafu nisiwepo, nalipa mimi, na nimelipa, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, bila kununa.

Lawama usimmalizie kijana. Analipwa kwa tripu, hakupanga ratiba, na kesho utamhitaji. Mwandikie mwenye duka: siku, saa mliyokubaliana, saa mzigo ulipofika, kipi kimeharibika na bei yake, kisha unataka nini. La mwisho watu wanalisahau. Wanaandika kurasa mbili za uchungu, na mwenye duka anajibu "pole sana mteja wetu," biashara imeisha. Andika "naomba kuku mwingine Jumanne saa nne asubuhi" au "naomba punguzo la 9,000 kwenye agizo lijalo," atalazimika kusema ndiyo au hapana. Tume ya Ushindani, FCC, ipo na ina kazi ya kumlinda mlaji, ila kwa lita tatu za maziwa mimi sijafika huko. Duka likikosea mara tatu kwa namna ile ile, nahama. Nimehama mara moja.

Kwa ajili ya siku ambazo siko nyumbani, nimeandika kadi ngumu, nimeibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Inasema: Angalia saa. Vya baridi kwanza, bonyeza. Vuguvugu virudi. Usilipe kabla hujafungua. Nipigie. Wiki iliyopita nimekuta mama ameongeza mstari wake juu kabisa, kwa penseli, kabla ya "Angalia saa": Mkaribishe chai.